Jarida Lenu Limenifukuzia Wateja

Kwa Mhariri Mkuu,
Jarida la Afya,
Ghorofa ya pili, juu ya chumba cha eksirei.

KUH: OMBI LA KULIRUDISHA JARIDA LENU KWENYE KURASA KUMI NA MBILI

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu nyingi, na baada ya kukupongeza kwa kazi nzuri ambayo naomba uiache mara moja, naomba niingie moja kwa moja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko mkabala na geti la nyuma la hospitali, lile linalotazamana na chumba cha maiti, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikitengeneza majeneza. Watu wananiita Fundi Jicho kwa sababu sipimi. Namwangalia mtu mara moja, awe amelala au amesimama, naenda zangu kukata mbao, na jeneza linamkaa kama alishonewa. Sijawahi kukosea hata inchi moja, na wagonjwa wanalijua hilo. Nikipita wodi ya wanaume kumjulia hali jamaa yangu, utawaona wanavuta shuka hadi usoni na kukunja magoti ili nisipate urefu kamili. Kuna mzee mmoja wa kisukari aliyeniona namtazama, akashuka kitandani, akavaa viatu na kwenda zake nyumbani, na mpaka leo anadunda. Huyo siwalaumu nyinyi, huyo nilimponya mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha kujifungulia. Binti yangu yuko humo ndani tangu asubuhi, na ni uzazi wake wa kwanza. Mama watoto amekaa kando yangu anasali kwa sauti ya chini. Mkwe wangu anatembea kutoka dirishani hadi kwenye ndoo ya mchanga na kurudi, na kila akifika kwenye ndoo anaitazama kana kwamba yeye ndiye aliyeitwa kuzima moto. Mimi nikikaa mikono mitupu nitaonekana nalia. Kwa hiyo nilimwomba karani wa mapokezi karatasi, nikamwambia nataka kuandika malalamiko. Akaniuliza malalamiko dhidi ya nani. Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Nikainua macho ukutani, nikaona tangazo lenu la toleo jipya, kurasa mia moja na arobaini, nikasema haya, nimempata.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Jarida lilianza vizuri sana. Toleo la kwanza nalikumbuka. Lilikuwa na kurasa kumi na mbili zilizobanwa kwa pini mbili, moja ikiwa na kutu. Makala kubwa ilihusu majeraha ya magoti kwa watu wanaoteleza kwenye theluji. Ndugu Mhariri, theluji hapa kwetu tunaiona kwenye kalenda. Makala ya pili ilihusu moyo wa panya fulani mweupe, na panya wetu sisi hawana matatizo ya moyo, matatizo ya moyo tunayo sisi tunaoishi nao. Aliyeandika alikuwa daktari mgeni aliyekuja kwa mwaka mmoja. Aliandika mwenyewe, akajisomea, akajipongeza, akaondoka. Jarida lilitoka mara moja kwa mwaka, na mwaka ambao wino uliisha halikutoka kabisa. Hilo ndilo lilikuwa jarida la heshima. Halikumzuia mtu yeyote kufa. Nakala zilizobaki mlizitupa nyuma ya stoo, nami nikazikusanya nikajazia mito ya majeneza, kwa hiyo hata wasomaji lilikuwa nao, tena watulivu, wasioandika barua kama hii.

2. Kisha ukaja wewe. Badala ya kumsubiri mgeni mwingine, ukawaandikia wakunga, waganga wa zahanati, na yule bwana wa maabara ambaye miwani yake imeungwa kwa plasta, ukawauliza wao wanaona nini huko waliko. Jamani, nani alikutuma? Watu hawa walikuwa wamekaa kimya na mambo yao miaka yote. Ulipowauliza tu, wakafunguka kama bomba lililopasuka. Mmoja akaleta habari za watoto wanaoharisha na namna anavyowanywesha maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, akaandika wangapi walipona. Mwingine akakaa kwenye kona ya wodi wiki tatu akihesabu nani ananawa mikono kabla ya kushika kidonda na nani anajifuta kwenye koti. Kurasa kumi na mbili zikawa arobaini. Mimi nilikuwa na kona moja karakanani ya majeneza madogo, yale ya urefu wa mkono wangu. Msimu wa mvua nilikuwa natengeneza matano kwa wiki. Mvua za mwaka jana zimeanza mpaka zimeisha, nimetengeneza moja. Mengine yamekaa tu, kuku wa jirani akaingia akataga, na juzi mama mmoja alisimama mlangoni akaniuliza hivi viota vizuri naviuza bei gani.

3. Lugha. Zamani jarida lilikuwa salama kwa sababu lilikuwa halieleweki. Hata madaktari wakilifungua walikuwa wanasinzia kwenye ukurasa wa pili. Mwaka mmoja ukaamua kila makala ianze na muhtasari kwa lugha tunayoongea nyumbani. Sasa mama muuza chai wa getini anausoma akisubiri maji yachemke, na mteja akikohoa anamwambia dawa za kifua kikuu zinamezwa mpaka ziishe hata ukijisikia mzima, na kama hujazimaliza rudisha kikombe. Mimi mwenyewe alinishikilia chenji yangu mpaka nikaahidi kufunga kitambaa puani nikipiga randa, akanitajia na namba ya ukurasa. Nimefunga. Kikohozi cha miaka tisa kimepona. Nimekasirika sana.

4. Mpitiaji namba mbili. Nimeelezwa kwamba siku hizi makala haichapishwi mpaka isomwe na watu wawili ambao mwandishi hawajui, wala wao hawajui mwandishi ni nani. Mpitiaji namba moja ni mtu wa hivi hivi, anasema kazi nzuri, rekebisha nukta. Lakini namba mbili, Ndugu Mhariri, nilimpenda kabla sijamwona.

Mkunga mkuu wa hospitali hii tunamwita Mama Mizani, kwa sababu hawezi kuona kitu bila kutaka kujua kina gramu ngapi. Huyu mama aligundua kwamba wakunga wote, yeye akiwemo, wanakadiria kwa macho damu inayomtoka mama baada ya kujifungua. Wanatazama shuka, wanasema kidogo au nyingi, basi. Akaazima mizani ya sukari dukani. Akapima vitambaa vikiwa vikavu, akavipima tena vikiwa vimelowa, na akaona mara kwa mara jicho linasema kidogo huku mizani inasema nusu lita na zaidi. Akaandika, akakuletea. Mpitiaji namba mbili akairudisha na barua, kwamba akina mama ishirini hawatoshi. Mama Mizani alikuja kuisoma barua hiyo kwa sauti kwenye benchi la mama muuza chai, mimi nikanywa chai mbili kwa furaha. Akaenda akapima sitini. Ikarudi, sitini bado, na je, mizani ya sukari ilihakikiwa na nani? Nilimwombea mtu yule maisha marefu. Mama Mizani akamsema siku nzima, akamsema yeye, mpitiaji namba moja, na wewe pia, samahani kukuambia. Kisha akaenda kutafuta mawe ya mizani yenye muhuri, akapima akina mama mia mbili na kumi na wawili. Ikarudi na mstari mmoja tu, kwamba sasa ameridhika. Msaliti mkubwa! Kumbe muda wote huo, nilipodhani anaivunja makala, alikuwa anaikaza kama mimi ninavyokaza kiungo cha meza mpaka kisicheze.

5. Hapa nilikuwa na lalamiko zuri kuliko yote, lakini muuguzi ametoka mbio, ameingia chumba cha dawa, amerudi mbio, na limenitoka. Naomba uliachie nafasi yake.

6. Kichwa cha makala. Mliichapisha mkaiita "Jicho Halitoshi". Hivi mlikaa kikao, watu wazima tisa, mkaona hilo ndilo jina linalofaa, wakati mtaani kuna mtu mmoja tu anayekula kwa jicho? Wiki nzima watu walikuja karakana kunionyesha. Mchoma mahindi alinibandikia ukurasa mzima mlangoni kwa gundi yangu mwenyewe.

Naomba niseme jambo moja hapa, kisha niendelee na hasira. Binti aliye humo ndani ananiita baba, na mimi ni baba yake, lakini aliyemzaa ni dada yangu. Dada alijifungulia hospitali hii hii, nyuma ya mlango huu huu, kabla hamjawa hata na zile kurasa kumi na mbili. Wakatazama shuka, wakasema damu ni ya kawaida. Hawakuwa watu wabaya, walitazama kwa macho kama walivyofundishwa. Siku hizo mimi nilikuwa fundi wa meza na vitanda. Jeneza la kwanza nililotengeneza maishani mwangu ni la dada yangu, na sikumpima kwa sababu tepu ya kupimia ilikuwa inaniponyoka. Nilimtazama tu. Jeneza likamkaa sawasawa, watu wakasifu, na jina la Fundi Jicho lilianzia pale msibani. Miaka yote hii wananiita hivyo kwa kunipa heshima, na mimi naitika.

Haya, narudi kwenye hasira.

7. Leo asubuhi binti yangu aliingia getini akimwegemea mumewe. Akanisalimia, shikamoo baba, nami kabla sijaitikia, jicho likafanya kazi yake. Futi tano na inchi nne. Mabega inchi kumi na sita. Sikuliomba, limenipa tu, na namba zenyewe hazitoki kichwani. Nimejaribu kuhesabu vigae vya ukuta huu. Ni mia tatu na sita, na namba zangu bado zipo. Nimemwambia mama watoto kwamba vumbi limeniingia, akanifunga leso kwenye jicho la kulia, kwa hiyo ukiona mistari inapanda juu ujue nakuandikia kwa moja. Na hili nalo nawalaumu nyinyi. Kama mngeniachia wateja wangu, jicho lingekuwa limechoka na kazi, lisingekuwa linarandaranda getini na kuwashika watoto wa watu. Watoto wangu.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima na taadhima jarida lirudi kwenye kurasa kumi na mbili, theluji iwe mbele, panya nyuma, na ile pini yenye kutu itafutwe. Kama hilo ni gumu, basi angalau kila toleo liwe na makala moja yenye makosa ya kuridhisha, ili mtu na kazi yake naye aishi. Mpitiaji namba mbili aniombe radhi kwa maandishi, na apitiwe na watu wawili wasiomjua. Wakunga wanyang'anywe kalamu, mama muuza chai anyimwe muhtasari.

Na kama mtakataa yote hayo, basi uungwana unataka aliyekufukuzia wateja akuletee wengine. Naomba bodi nzima ya uhariri, watu tisa, muweke oda kwa niaba yenu wenyewe. Hamna haja ya kuja kupimwa. Picha yenu iko ukurasa wa tatu, na wale watatu wa mstari wa mbele nimeshawapata bila shida. Wewe umesimama nyuma ya bwana mmoja mrefu, ninachokiona ni kipara tu. Toleo lijalo tafadhali usogee kidogo kushoto.

Ila haya yote yaanze kesho. Leo naomba jarida libaki na kurasa zake zote mia moja na arobaini, na matoleo yote ya nyuma yabaki, asiyaguse mtu. Mlango ulipofunguka sasa hivi nimeona makala ya Mama Mizani imebandikwa ukutani juu ya meza ya vifaa, na mizani yenyewe iko chini yake. Hiyo hasa msiitoe. Nitalalamika kesho, Ndugu Mhariri, mimi ni mvumilivu. Leo nawaomba mniachie.

Wasalimie wajumbe wote wa bodi, na uwaambie kuhusu zile oda wasiwe na haraka. Msalimie mpiga chapa, na fundi wa wino kama bado yupo. Mpitiaji namba mbili msalimie lakini si sana. Karani wa mapokezi anakusalimu, anasema hii ndiyo karatasi ya mwisho. Mama watoto anakusalimu ingawa hajui namwandikia nani, anadhani naandika wosia. Mkwe wangu hamsalimii mtu kwa sasa, yuko kwenye ndoo.

Ni mimi niliyefukuziwa wateja, ninayekutakia afya njema kwa shingo upande,

Fundi Jicho
(kwa leo, moja tu)

N.B. Barua hii sikuipeleka jana. Leo ni siku ya pili, na naiandikia mgongoni mwa tangazo lenu, nimelibandua ukutani, nitalirudisha.

Alijifungua saa tisa alasiri. Mtoto wa kike, ana sauti inayoshinda msumeno wa umeme. Tukakumbatiana pale kwenye benchi, mkwe wangu akakumbatia na ndoo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, ndipo nikamsikia muuguzi akisema kwamba damu ni ya kawaida. Maneno yale yale. Nikashika ukuta. Halafu nikamsikia Mama Mizani akimwambia sawa mwanangu, sasa weka kwenye mizani. Vitambaa vikawekwa. Kisha akataja namba, na viatu vikaanza kukimbia. Sindano, dripu, mtu wa maabara akapita na chupa ya damu, miwani ikining'inia sikio moja. Sijui ilichukua muda gani. Jua lilikuwa bado lipo Mama Mizani alipotoka, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatuambia mama na mtoto wako salama. Akaitazama leso yangu, akauliza kama na mimi nina kitu cha kupima. Nikamshika mkono nikalia mbele ya watu wote, kwa jicho lililokuwa wazi na lililofungwa.

Leo asubuhi binti yangu amesimama. Nilimwomba aegemee ukuta wima, akanicheka, akasimama. Nikatoa tepu. Futi tano na inchi sita. Nikapima tena, futi tano na inchi sita. Nikamwita mkwe wangu, nikampa tepu bila kumwambia namba yoyote, kama mnavyofanya nyinyi, akapata futi tano na inchi sita. Mabega nayo si kumi na sita. Nimekosea, Ndugu Mhariri! Miaka ishirini na sita, na nimekosea inchi mbili nzima! Nimecheka mpaka wauguzi wakanitoa wodini, nimeendelea kuchekea kwenye ngazi. Mama Mizani anasema jana alikuwa amejikunja kwa uchungu ndiyo maana. Huo ni utafiti wake, asiniharibie wangu.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko yote, isipokuwa la tano ambalo bado silikumbuki. Kurasa ongezeni. Nawatengenezea rafu ya mninga kwa ajili ya matoleo yote yajayo, na nikiileta nikaona ina nafasi tupu tutagombana. Zile oda za bodi zimefutwa, wale watatu wa mbele wapumue. Majeneza madogo nimewaachia kuku. Kitanda cha mjukuu nimekianza kwa mbao mpya, na nimepima kwa tepu, mara nne.

Pamoja na barua hii nawasilisha matokeo yangu ili mchapishe: jicho la fundi lilitazama, likakosea. Najua Mpitiaji namba mbili ataandika kwamba mtu mmoja hatoshi. Mwambie kwangu mimi anatosha.